Sanduku la Kura na Kiti cha Bwana Shauri

Tangu zilipoanza kushushwa bendera za mataifa ya Ulaya katika Asia na Afrika, swali moja limekuwa likirudi mara kwa mara katika mabaraza ya wasomi na katika mazungumzo ya watu wa kawaida: ni kwa sababu gani nchi nyingi zilizojipatia uhuru kwa sauti ya wengi, na kwa ahadi ya kuongozwa kwa ridhaa ya raia, zilijikuta baada ya miaka michache zimo mikononi mwa chama kimoja, au mtu mmoja, au askari waliotoka kambini usiku? Wako wajibuo kwamba watu wa nchi hizo hawakuwa wamekomaa kwa utawala wa namna hiyo, kwa kuwa wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika, na walishikamana na kabila na dini kuliko taifa. Wako pia wajibuo, tena kwa fahari ya uzalendo, kwamba demokrasia ni desturi ya wageni isiyoafikiana na mila zetu, na kwamba sisi hustawi chini ya mkono wa mkubwa mmoja mwenye busara.

Majibu haya mawili hutoka katika vinywa vya watu wasiopatana, lakini yana kasoro moja: yote yanampima raia na kumwacha mtawala bila ya kupimwa. Yanahoji kama watu walistahili kupiga kura, wala hayahoji kura hiyo ilitiwa katika dola ya namna gani. Hoja ya makala haya ni kwamba nchi zilizotawaliwa zilirithi mambo mawili kwa siku moja, sanduku la kura na utawala wa amri. Kwamba la kwanza lilikuwa changa, limeletwa katika miaka ya mwisho ya ukoloni kwa haraka na kwa shingo upande, ilhali la pili lilikuwa limekwisha kuota mizizi katika kila wilaya. Na kwamba historia ya siasa katika nchi hizo tangu uhuru hata leo ni, kwa sehemu kubwa, historia ya mvutano baina ya mawili hayo.

Yafaa basi kuanza kwa kuutazama huo utawala wa amri. Katika Tanganyika, Wajerumani waliwatumia maakida na majumbe kukusanya kodi na kuwapeleka watu katika kazi za shuruti, na vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905, vilikuwa jawabu la raia kwa wakubwa wasiowauliza neno. Waingereza walipoishika nchi hiyo walibadili taratibu; chini ya Gavana Donald Cameron, sheria ya mwaka 1926 na nyingine zilizoifuata ziliwapa machifu mahakama, hazina na uwezo wa kutoa amri, na mfumo huo ukasifiwa kuwa unaheshimu mila. Lakini mila zenyewe zilikuwa zimepinduliwa. Chifu wa zamani, katika jamii nyingi, alizuiwa na wazee waliomzunguka, na akizidi katika dhuluma watu wake waliweza kuhama na kumwachia nchi tupu. Chifu wa serikali alilipwa na serikali, aliweza kuuzuliwa na serikali, na kwa hiyo alitazama juu kwa Bwana Shauri, wala hakuwa na haja ya kutazama chini kwa raia. Bwana Shauri naye alikuwa msimamizi wa kodi, hakimu na mkubwa wa wilaya kwa wakati mmoja, na mtu aliyeonewa naye hakuwa na pa kushtaki ila kwake yeye mwenyewe au kwa mkubwa wake. Juu ya hayo zilikuwako sheria za uchochezi, za kuzuia mikutano isiyo na kibali, na za kumhamisha mtu kutoka kwao bila ya hukumu ya mahakama. Na katika Kenya iliruhusiwa kisheria kuadhibu jumuiya nzima kwa kosa la wachache.

Mwanachuoni wa Uganda, Mahmood Mamdani, katika kitabu chake cha mwaka 1996 juu ya urithi wa ukoloni katika Afrika, ameonyesha kwamba ukoloni uliwagawa watu mafungu mawili: wachache wa mijini waliohesabiwa kuwa na haki za raia, na wengi wa mashambani waliotawaliwa kwa amri zilizovikwa joho la mila. Uhuru, kwa maoni yake, uliondoa ubaguzi wa rangi katika fungu la kwanza, lakini fungu la pili aghalabu halikuguswa. Nami naona kwamba hapo ndipo ulipo ufunguo wa mambo mengi yaliyofuata.

Sasa tulitazame sanduku la kura lilivyokuja. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika liliundwa mwaka 1926, lakini Waafrika wa kwanza waliingizwa humo mwaka 1945, nao waliteuliwa na Gavana. Na watu walipopewa nafasi ya kuchagua kwa mara ya kwanza, mwaka 1958, masharti ya elimu, mapato au cheo yaliwatenga walio wengi, na kila aliyepata kupiga kura alilazimishwa kuwachagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Katika Kenya baraza la namna hiyo lilianza mwaka 1907, Eliud Mathu akateuliwa kuwa Mwafrika wa kwanza humo mwaka 1944, na Waafrika wakachagua wajumbe wao mwaka 1957 kwa utaratibu uliompa mtu mmoja hata kura tatu kwa kadiri ya elimu na mali yake. Miaka mitatu baada ya uchaguzi wake wa kwanza Tanganyika ilikuwa huru. Miaka sita baada ya uchaguzi wake huo wa 1957, Kenya ilikuwa huru. Mtu anayesema kwamba raia hawakuzoea demokrasia asisahau kutaja nani aliyewanyima mazoezi.

Hata hivyo si kweli kwamba watu hawakuwa na shule nyingine ya siasa. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika tangu mwaka 1933, wakichagua wajumbe na kukagua hesabu. Makuli wa bandarini na watumishi wa reli walikuwa na vyama vyao vya wafanyakazi. Nacho chama cha siasa cha TANU, kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954 kutokana na chama cha TAA, kilifika vijijini bila ya gari wala mshahara. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958, wajumbe walibishana kwa uchungu kama waikubali ile kura ya kuchagua watu watatu au waisusie, wakaamua kwa wingi wa sauti kushiriki, na walioshindwa katika shauri hilo, isipokuwa wachache, waliheshimu uamuzi. Watu waliofanya hivyo hawakuwa wageni wa demokrasia. Walikuwa wageni wa dola.

Pale ambapo urithi huu ulikuwa mzito kupita kiasi, mambo yaliharibika upesi. Katika Kongo, Wabelgiji waliruhusu uchaguzi wa mabaraza ya miji michache mwaka 1957 na uchaguzi wa nchi nzima Mei 1960, kisha tarehe 30 Juni mwaka huohuo wakatoa uhuru kwa taifa ambalo wahitimu wake wa chuo kikuu walihesabika kwa urahisi, na ambalo jeshi lake halikuwa na ofisa hata mmoja mwenyeji. Julai askari waliasi, na tarehe 11 mwezi huo jimbo la Katanga, lenye shaba iliyoilisha hazina ya serikali, lilitangaza kujitenga kwa msaada wa Wabelgiji. Mwezi Septemba Rais Kasavubu na Waziri Mkuu Lumumba walifukuzana. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa. Na mwaka 1965 mkuu wa jeshi, Mobutu, alitwaa nchi nzima. Huwezi kusema kwamba wapiga kura wa Kongo ndio walioshindwa hapo, kwa kuwa chaguo lao lilivunjwa kabla ya mwaka kutimia, tena kwa mikono ambayo mingine ilitoka mbali sana na Kongo.

Unguja na Pemba zinatufunza jambo jingine. Katika uchaguzi wa Januari 1961 ushindani ulikuwa mkali hata kiti cha Chake Chake kikapatikana kwa kura moja, na katika ule wa Juni mwaka huohuo ghasia ziliua watu 68. Katika uchaguzi wa Julai 1963, Afro-Shirazi Party ilipata takriban asilimia 54 ya kura zote lakini ikaambulia viti 13 katika 31, kwa sababu wafuasi wake walirundikana katika baadhi ya majimbo, nao wapinzani wao walioungana wakaunda serikali. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, na kabla ya kutimia wiki tano, tarehe 12 Januari 1964, serikali hiyo ilipinduliwa. Kanuni ya uchaguzi ilitekelezwa kama ilivyoandikwa, lakini iliwaacha walio wengi wakiwa na kura bila ya sauti, katika visiwa ambamo ardhi, kazi na heshima vilikwisha kugawanywa kwa asili na rangi za watu. Haki ya mshindi isiyomwachia aliyeshindwa kitu chochote haiwezi kudumu. Na Wazanzibari wenyewe, baada ya miafaka miwili na damu iliyomwagika Januari 2001, walilikubali neno hilo kwa kura ya maoni ya mwaka 2010, ambapo theluthi mbili hivi waliridhia serikali ya umoja wa kitaifa.

Tukija kwenye mfumo wa chama kimoja, insafu inatutaka tuisikilize hoja yake kabla ya kuihukumu. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, vingi vyao bila ya kupingwa, hata ikawa katika sehemu kubwa ya nchi raia hana wa kumchagua. Mwalimu Nyerere, kiongozi wa TANU, alihoji, na hoja yake haikuwa ya mzaha, kwamba chama kinachoungwa mkono na karibu watu wote kingempa raia hiari zaidi kama kingeruhusu wagombea wawili washindane ndani yake. Tume ikaundwa, na mwaka 1965 wagombea wa TANU walishindana jimbo kwa jimbo chini ya alama za jembe na nyumba; baadhi ya mawaziri waliangushwa, akiwamo Paul Bomani, Waziri wa Fedha, na watu wa Morogoro wakamchagua Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, pasipo kujali rangi yake. Ni nchi chache wakati ule, hata zile zenye vyama vingi, zilizoweza kumwangusha waziri wa fedha kwa kura za wakulima.

Lakini upungufu wa mfumo huo ulidhihirika pale raia alipotaka kukataa sera yenyewe badala ya mtu. Mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, Bunge lilikuwa limekwisha kutunga sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila ya kuwashtaki. Mwaka 1968 wabunge kadhaa walifukuzwa chamani, na kwa kufukuzwa huko wakapoteza viti walivyopewa na wapiga kura wao. Mwaka 1972, kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, halmashauri zilizochaguliwa zilivunjwa na kazi zao zikakabidhiwa watumishi wa serikali. Miaka iliyofuata mamilioni ya watu walihamishiwa katika vijiji, wengi kwa nguvu. Na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika, vile vilivyokuwa shule ya demokrasia kabla ya uhuru, vilifutwa. Haya yalifanywa na viongozi ambao wengi wao walikuwa waadilifu na walitaka kheri ya watu, na hilo ndilo la kutia huzuni na la kuzingatiwa: nia njema ilipokaa katika kiti cha Bwana Shauri, ilianza kunena kwa sauti yake. Halmashauri zilirudishwa baada ya miaka kumi hivi, na kurudishwa huko kulikuwa ungamo la serikali kwamba kijiji hakiendelezwi kwa agizo.

Ghana, iliyotangulia kupata uhuru tarehe 6 Machi 1957, inatuonyesha mzizi wa kiuchumi wa jambo hilihili. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeunda mwaka 1947 bodi iliyonunua kakao yote ya wakulima kwa bei iliyoipanga yenyewe na kuiuza ng’ambo kwa bei ya soko. Serikali huru iliirithi bodi hiyo, na tofauti ya bei ikawa chemchemi ya fedha za shule, barabara na viwanda, lakini pia ya kulisha chama na wafuasi wake. Mtawala mwenye hazina ya namna hiyo hana haja kubwa ya kumbembeleza mlipa kodi, na mpinzani anayetaka kuifikia hazina hiyo huonekana mwizi mlangoni. Sheria ya kizuizini ilipitishwa mwaka 1958, chama kikawa kimoja mwaka 1964, J. B. Danquah, mmoja wa waasisi wa harakati za uhuru, akafia gerezani Februari 1965, na mwaka uliofuata askari wakampindua Rais Kwame Nkrumah huku bei ya kakao ikiwa imeanguka duniani. Tangu katiba ya mwaka 1992, Ghana imebadilishana madaraka kati ya vyama kwa kura mara nne, na wananchi ni walewale waliodhaniwa zamani kuwa hawakukomaa.

Kama umaskini na ujinga wa kusoma ndivyo vinavyoua demokrasia, basi India ingalikufa mapema kuliko zote. Ilipofanya uchaguzi wake mkuu wa kwanza, kuanzia Oktoba 1951 hata Februari 1952, iliandikisha wapiga kura takriban milioni 173, ambao sehemu kubwa yao hawakujua kusoma. Kila mgombea akawa na sanduku lake lenye alama, ili mpiga kura aifuate picha. Nayo India ilirithi utawala wa amri kama sisi, polisi wa kikoloni na sheria ya kizuizini vilevile. Kilichoiokoa ni kwamba utawala huo ulizungukwa na mizani mingine: chama cha Congress kilichokuwa na matawi na mabishano yake tangu mwaka 1885, majimbo yenye mabunge yao, mahakama zenye uthubutu, na katiba iliyojadiliwa karibu miaka mitatu chini ya usimamizi wa watu kama B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika tabaka lililodharauliwa kuliko yote. Waziri Mkuu Indira Gandhi alipotangaza hali ya hatari Juni 1975 na kuwafunga wapinzani wake, mizani hiyo iliyumba; lakini mwaka 1977 alipoitisha uchaguzi wapiga kura walimwondoa, naye akaondoka. Mwaka 1992 katiba ikabadilishwa ili mabaraza ya vijiji yachaguliwe na angalau theluthi ya viti vyake iwe ya wanawake. India ina dhuluma zake nyingi, za tabaka na za dini, na wapo wanaozilalamikia kila siku. Lakini wanazilalamikia wakiwa na pa kulalamikia.

Botswana ilifuata njia nyingine. Ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani ilipopata uhuru mwaka 1966, na almasi ya Orapa iligunduliwa mwaka uliofuata. Rais wa kwanza, Seretse Khama, mrithi wa uchifu wa Bangwato, alikubali haki ya madini ihamishwe kutoka makabila, na la kwake likiwamo, iwe ya taifa. Ugawaji wa ardhi ukaondolewa kwa machifu na kupewa bodi. Na baraza la kale la kgotla, ambapo mtu yeyote huweza kusimama na kumpinga mkubwa, likaendelea kutumiwa kuwaeleza watu mipango ya serikali na kuwasikiliza. Chama kimoja kilitawala kwa kushinda chaguzi kwa muda wa miaka 58, na Basarwa wa Kalahari walihamishwa kutoka katika ardhi yao hata mahakama kuu ilipowapa haki mwaka 2006. Lakini chama hicho kiliposhindwa Oktoba 2024, kilikabidhi serikali kwa mpinzani, Duma Boko, katika siku chache bila ya risasi hata moja.

Miaka ya tisini ilileta wimbi la pili. Vita Baridi vilipokwisha, wakubwa wa nje waliokuwa wakiwalinda madikteta waliwaacha. Madeni yalizikausha hazina. Na raia, waliokuwa wamechoka tangu zamani, walipata upenyo. Benin iliitisha mkutano wa taifa Februari 1990, Rais Kaunda alishindwa na kuondoka kwa heshima Zambia mwaka 1991, Kenya ikafuta Desemba mwaka huohuo kifungu kilichokuwa kimeifanya nchi ya chama kimoja kisheria, na Tanzania ikabadili katiba mwaka 1992. Katika Tanzania, watu takriban 80 katika kila 100 waliotoa maoni mbele ya Tume ya Jaji Nyalali, iliyokusanya maoni juu ya mfumo wa vyama, walitaka chama kimoja kiendelee, lakini Tume, ikizingatia kwamba wengi hao pia walitaka mabadiliko makubwa na kwamba wachache wana haki ya kusikilizwa, ilipendekeza vyama vingi. Tume hiyo iliorodhesha pia sheria kadhaa za ukandamizaji zilizopasa kufutwa au kurekebishwa. Vyama viliruhusiwa upesi. Sheria zile ziliguswa polepole, na nyingine hazikuguswa.

Nafikiri hapo ndipo wimbi la pili lilipopungukiwa kama la kwanza. Liliongeza masanduku ya kura likaacha utawala wa wilaya ulivyokuwa. Katika Tanzania hata sasa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais, hawachaguliwi na wale wanaowaongoza, na sheria inawaruhusu kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa muda. Katika Kenya katiba ya mwaka 2010, iliyozaliwa na maumivu ya machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007 yaliyoua watu zaidi ya 1,100, iliunda kaunti 47 zenye magavana waliochaguliwa na kuzitengea angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Hata hivyo makamishna wa kaunti na machifu wa serikali kuu wamebaki wakifanya kazi pembeni mwao. Pamoja na hayo, kaunti zimekwisha kuwapa watu wa pembezoni zahanati na barabara ambazo hapo awali walizingoja kutoka Nairobi, na wapiga kura wamejifunza kuwaondoa magavana. Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017, na Mahakama Kuu ya Malawi, ikiketi kama mahakama ya katiba, ikafanya hivyo Februari 2020, ambapo uchaguzi wa marudio ulimpa ushindi mpinzani. Ushujaa wa majaji hao haukuletwa na mshauri wa kigeni.

Ilhali upande mwingine wa bara, katika Mali, Burkina Faso na Niger, askari walitwaa madaraka kati ya mwaka 2020 na 2023, na watu wengi walitoka njiani kuwashangilia. Ni kosa kuwalaumu kwamba hawaipendi demokrasia. Walipewa kura kila baada ya miaka mitano, lakini ulinzi hawakuupata, ofisa wa wilaya aliwadharau kama zamani, na madini yao yaliuzwa kwa mikataba wasiyoisoma. Mtu aliyepewa jina la kitu bila ya kitu chenyewe hana cha kukililia kinapoondolewa. Lakini pia ni wajibu kuwaambia, kwa upendo na bila ya kificho, kwamba askari hawezi kuwa dawa ya ugonjwa huu, kwa kuwa amri isiyohojiwa ndiyo ugonjwa wenyewe.

Kutokana na mifano yote hii, naona kwamba maendeleo ya siasa katika nchi zilizotawaliwa hayawezi kupimwa kwa idadi ya vyama wala kwa wingi wa chaguzi. Kipimo chake ni daraja ya chini kabisa ya dola, pale mwananchi asiye na cheo anapokutana na polisi, mtoza ushuru, hakimu wa mwanzo na ofisa wa ardhi: je, aweza kuwauliza sababu, aweza kuwashtaki akashinda na hukumu ikatiiwa, aweza kuwaondoa? Pale ambapo jawabu ni ndiyo, hata uchaguzi wenye kasoro hurekebishika, kwa sababu raia ana zana nyingine za kuurekebisha. Pale ambapo jawabu ni hapana, hata uchaguzi safi humpa mshindi upanga na kumwacha aliyeshindwa na hofu, na hofu hiyo ndiyo inayowafanya wanasiasa wapigane kufa na kupona. Kwa hiyo kazi iliyobaki kwa kizazi hiki haina utukufu wa kushusha bendera, lakini ni nzito kuliko hiyo: kuzipitia sheria moja moja zilizotungwa ili kumtawala mtu asiyeulizwa, na kuzifuta, kuzipa halmashauri zilizochaguliwa fedha na mamlaka ya kweli, na kumlinda hakimu anayeikatalia serikali. Wazee wetu waliiondoa hukuma ya wageni. Sisi tuna deni la kuuondoa utawala wa amri waliotuachia wageni hao, na deni hilo halitalipwa na mtu mwingine kwa niaba yetu.